Panya wa Kejani: Usianze na Dume na Jike

Mtaani panya hana mtetezi. Enda stage yoyote ya mat, utapata msee na spika kwa mkokoteni, sauti imerekodiwa inajirudia kutoka asubuhi mpaka giza: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Mathe akiskia kitu inakwaruza nyuma ya ndoo ya unga, anashika patipati kabla hajauliza ni nani. Sasa wewe ingia kejani na boksi iko na mashimo, useme ndani kuna panya wawili na umewanunua na doh yako. Wa kucheka atacheka, wa kukuombea atapiga magoti.

Lakini wasee wa kufuga panya wako, Nai hii hii. Ukiwauliza kwa nini, wanakupea majibu ya mtu anajua bei ya rent. Bedsita ni ndogo. Landi hataki mbwa. Paka anaruka kwa jirani kuiba omena, kesho ni kesi. Panya anatoshea kona moja ya keja, habweki, na mchana ukiwa job yeye amelala. Ukirudi jioni ndio anaamka, anakuja mlangoni kwa kizimba kukucheki. Ukimzoesha anapanda bega, anaingia ndani ya hudi, anakulamba vidole.

Kama umeshaamua kufuga, poa. Shika kitu moja tu: anza na wawili wa jinsia moja. Dume na jike pamoja ni form ya watu wamejipanga, na wengi wetu hatujajipanga.

Ametoka wapi huyu

Kwa damu yeye ni Rattus norvegicus, kabila moja na yule mkubwa wa rangi ya udongo mwenye hupita kwa mtaro usiku. Kenye kimewatenganisha ni malezi ya zaidi ya miaka 100. London, enzi za Malkia Victoria, kulikuwa na kamari ya kishenzi: panya wanamwagwa kwa uwanja mdogo wa mbao, mbwa anaachiliwa, wasee wanabeti ataua wangapi. Wenye walikuwa wanashika hao panya walikuwa na mboka ya uhakika. Mmoja wao, Jack Black, alijiita mshika panya wa Malkia. Akipata wa rangi ya ajabu hakumpeleka kwa mbwa. Alimweka, akamzalisha, watoi akawauzia madem wa ubabi wawafuge ndani ya vizimba.

Mwaka wa 1901 mama mmoja anaitwa Mary Douglas akaomba chama cha wafugaji wa panya wadogo pale Uingereza kiruhusu hawa wakubwa kwa maonyesho, wakaingia show ya Aylesbury. 1976 wakapata chama chao wenyewe, National Fancy Rat Society. Upande wa maabara, taasisi ya Wistar pale Philadelphia ilianza mwaka wa 1906 kutengeneza ukoo wa panya weupe wenye wanajulikana na wanasayansi mpaka leo. Kwa hivyo ukiletewa mweupe wa macho mekundu, hiyo ndio sura ya wa maabara. Ukimwona anayumbisha kichwa kushoto kulia kama msee wa reggae kwa siti ya nyuma, usishtuke: macho yake ni dhaifu, hapo anapima umbali.

Rangi si nyeupe pekee. Kuna mweusi tititi, kuna wa kijivu, kuna mwenye amevaa kofia nyeusi ya kushuka mpaka mabega na mwili mweupe, kuna wa masikio makubwa yamekaa pembeni ya kichwa, kuna wa manyoya ya kujikunja. Wote ni panya mmoja, luku ndio tofauti.

Yule wa mtaro naye mwache mtaro. Usiseme utamshika akiwa mtoi umlee. Mkojo wa panya wa nje unaweza kuwa na leptospira, bakteria wenye wanaweza kukuharibia ini na figo, na yeye mwenyewe haonyeshi dalili yoyote.

Kichwa yake ni moto

Kenye kinawabamba wafugaji ni akili. Panya anajifunza jina lake. Anajifunza kukuja ukiita, kuruka kutoka kwa kiti hadi kwa mkono, kuleta mpira, kuingia kwa boksi akiambiwa. Mlipe tu: kipande cha njugu, punje ya shayiri, kaukubwa ka kucha. Fanya dakika tano, wacha apumzike, kesho rudia. Usimpige na usimpigie kelele, juu ataacha kukuamini na hapo mtaanza upya.

Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Richmond, Virginia, wakiongozwa na Kelly Lambert, walitangaza wamefunza panya kuendesha kagari kadogo. Mwili wa gari ulikuwa mtungi wa plastiki, na panya alikuwa anagusa nyaya za shaba kuamua anapinda wapi, akifika anapewa siriali ya sukari. Panya dere, na hajawahi kuhonga karao. Mwaka huo huo wenzao wa Berlin walionyesha panya wanaweza kucheza kibe na binadamu: anajificha, anatafuta, na akipatikana anaruka kwa furaha. Hata kucheka wanacheka. Jaak Panksepp, mwanasayansi wa Marekani, aligundua ukimtekenya panya anatoa sauti ya juu sana yenye sikio letu haliwezi shika bila mashine.

Na kama unadhani hii ni story ya wazungu, cheki hapo Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine, linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alikuwa anafuga panya akiwa mtoi, na wazo lilitoka hapo. Mmoja wa panya wao, Magawa, alizaliwa Tanzania 2013, akapelekwa Cambodia, na 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Ronin, mwenye alizaliwa Tanzania pia, ashavunja rekodi ya Magawa kwa kupata mabomu zaidi ya 100.

Lakini usiende porini kutafuta panya buku wa kejani. Huyo ni wa jenasi tofauti, Cricetomys, anaishi miaka mingi, anahitaji nafasi kubwa na mikono ya watu wamesomea. Marekani ilipatwa na mpox 2003 juu ya wanyama kama hao walioletwa kutoka Ghana kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Ugonjwa ukaruka kwa wanyama wengine wa dukani, halafu kwa watu.

Keja yake

Panya mmoja pekee yake anaboeka mpaka anagonjeka. Ni mnyama wa mbogi: wanalala wamerundikana, wanachanana manyoya, wanagombana na kupatana. Wawili ndio mwanzo, watatu ni poa zaidi. Machali wakikomaa wanatulia, wanapenda kukaliwa mapajani, shida yao ni kukojoa matone matone kila penye wanapita. Madem hawakai chini, ni kupanda na kuchungulia tu. Chagua tabia yenye unaweza kuishi nayo.

Kizimba si lazima cha dukani. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea. Mpe vipimo: urefu kama mita moja, upana nusu mita, kimo kisipungue nusu mita, juu hawa watu wanapanda. Waya ya kuku sahau, wataikata na meno usiku mmoja. Tafuta ile ngumu ya mashimo madogo, yenye hardware wanaita kofi-trei. Shimo likizidi sentimita moja na nusu, dem mdogo ashatoka. Sakafu iwe tambarare, isiwe ya waya, juu waya inawatoboa nyayo mpaka wanapata vidonda vya kuvimba. Milango iwe mikubwa mkono upite na kifagio kipite.

Chini weka makaratasi ya kukatwakatwa, ama maboksi ya katoni, ama vipande vya fleece vya Gikosh. Vumbi la fundi wa mbao linakaa bure na zuri, lakini mbao nyingi huku ni sayprasi na paini, na ile harufu tamu inaharibu mapafu na ini ya panya. Toa uchafu wa kona ya choo kila siku, osha kizimba chote kila wiki. Ukisikia harufu ya mkojo inakuchoma pua, ujue yeye mwenye analala ndani ashaumia.

Hali ya hewa ya Nairobi inawakubali. Ngori ni keja ya mabati saa nane mchana. Panya hatoi jasho kama wewe. Joto la mwili linatokea kwa mkia na nyayo. Ukiwa Mombasa ama Kisumu, weka kizimba penye upepo unapita, funga chupa ya maji ya barafu na kitambaa uweke ndani. Usimwache kwa jua la dirishani.

Dishi

Panya hatakiwi kulala njaa, wala kula uchafu. Usidhani ati juu ni panya basi takataka za kibandaski zinatosha. Msingi uwe nafaka: ngano, mtama, shayiri, mahindi kiasi. Ongeza ndengu ama madondo yamechemshwa mpaka yameiva kabisa, juu maharagwe mabichi yana sumu. Sukuma, karoti, tango, kipande cha ndizi. Yai la kuchemsha mara moja moja, omena imeoshwa chumvi ikaisha. Githeri yako ukiitoa kabla ya kutia chumvi na royco, inafaa. Maji safi kila siku.

Panya hawezi kutapika. Akimeza sumu, imeingia. Kwa hivyo soda hapana, pombe hapana, waru ya kijani hapana, mahindi yenye ukungu hapana hata kama ni ya bure. Machali usiwape machungwa na maganda yake, inawaletea shida ya figo. Na meno yao ya mbele hayaachi kukua, ni kawaida yawe ya rangi ya chungwa, kwa hivyo weka kipande cha mti safi cha kutafuna. La sivyo watatafuna chaja, na chaja ikiwa na stima hiyo ni msiba.

Kuzalisha: hesabu kwanza

Hapa ndio Wanairobi tunachomeka, juu tukiona mnyama tunaona hasla. Cheki hesabu. Jike anaita dume kila siku nne au tano, mwaka mzima, hakuna msimu. Mimba ni siku 21 hadi 23. Anazaa kati ya 6 na 12, mara nyingine zaidi. Ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine, kama dume bado yuko hapo. Watoi nao machali wanaweza kuzalisha wakiwa wa wiki tano, na hawaulizi kama huyu ni sista ama mathe.

Sasa piga: Januari umeleta dume na jike. Mwisho wa mwezi, watoi 10. Mwezi wa pili unaisha na wengine 10, uko na 22. Wakati huo madem watano wa uzao wa kwanza washabeba. Mwezi wa tatu kila mmoja anakuzalia 10, hapo umepita 70 kabla hujahesabu watoi wapya wa mathe yao. Hao wote wanataka dishi, wanataka kutenganishwa, na landi bado hajajua. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Mfukoni mwako watachimba.

Kama umesahau kware, kumbuka. 2013 kuingia 2014 Kenya nzima ilikuwa inafuga kware. Mayai yaliuzwa kama dawa ya kila kitu, watu wakachukua loni wakajenga vibanda. Kila mtu akawa muuzaji, mnunuzi akapotea, bei ikaanguka, ndege wakabaki na wenyewe. Soko la panya wa kufuga hapa ni dogo kushinda la kware. Anayekuambia utaomoka na panya, muulize yeye anauzia nani.

Wako wanaozalisha vizuri, na ukiwaangalia wanavyofanya utaona si mchezo. Wanajua mathe, buda na shosho wa kila panya: nani alikufa na mapafu, nani alipata uvimbe, nani alikuwa anauma. Wa ukoo mgonjwa ama mkali hawazalishwi hata wakiwa warembo vipi. Jike anangojwa afikishe miezi minne na zaidi, awe na mwili, na mimba ya kwanza haicheleweshwi mpaka azeeke. Watu wa kuchukua watoi wanapatikana kabla ya dume kuletwa. Dume anakaa na jike siku chache, wiki moja hadi siku 10, halafu anatolewa kabla ya kuzaa.

Jike mwenye mimba mpe boksi la giza na tishu nyingi, atajenga kiota mwenyewe. Mwongezee yai. Siku ya kuzaa mwache. Watoi wanatoka waridi, hawana manyoya, hawaoni, hawasikii. Ukiona alama nyeupe kwa tumbo, hiyo ni maziwa, ujue wanashiba. Baada ya wiki moja manyoya yanaota, wiki ya pili macho yanafunguka, na kutoka hapo washike kila siku kidogo kidogo wazoee mikono. Wiki ya tatu kuingia ya nne wanaacha kunyonya. Kabla wiki ya tano kuisha, machali kando na madem kando. Usikose hiyo tarehe. Kuwatambua ni rahisi, machali mapumbu yao hayajifichi. Wakifika wiki sita ndio waende keja mpya, na waende wawili wawili.

Jiandae pia kwa simu yenye hutapenda: mtu anataka watoi wa kulisha nyoka. Amua jibu lako mapema, usije kuamua ukiwa na 40 na huna pesa ya dishi.

Magonjwa na kufa

Panya anaishi miaka miwili hadi mitatu. Maisha yenyewe ni mafupi, na mapafu ndio adui mkubwa. Wengi wanabeba bakteria, Mycoplasma pulmonis, tangu kuzaliwa, na vumbi, baridi ama mkojo wa kizimba unaiamsha. Akipiga chafya siku ya kwanza kwako, mpe muda azoee keja. Akianza kupumua na sauti, kukonda, ama kujikunja manyoya yamesimama, hiyo ni ya veti. Ute mwekundu kwa macho na pua si damu, ni rangi inayotoka kwa tezi ya jicho, lakini ukizidi unakuambia ni mgonjwa au ana stresi. Madem wakizeeka wanapata uvimbe wa matiti mara nyingi.

Kabla hujanunua panya, tafuta veti. Wengi wanajua ng'ombe, mbwa na paka. Piga simu, uliza waziwazi: unatibu panya? Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Upper Kabete, ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haibagui. Kumwacha mnyama wako afe njaa ama ateseke ni kosa, hata akiwa panya.

Na wewe pia jichunge. Osha mikono ukimaliza kumshika. Kizimba kisikae penye unapikia. Ukiumwa mpaka damu, osha na sabuni, na ukishikwa na homa baadaye mwambie daktari umeumwa na panya. Dishi lao lifunge kwa mkebe, juu likimwagika litaita wale wa mtaro, na wa mtaro ndio wanakuja na magonjwa.

Landi, jirani, mathe

Usifiche. Plot haina siri, na mushene wa panya unasafiri haraka kushinda wa mapenzi. Mwambie landi kabla hujaleta, ukimwonyesha kizimba kimefungwa. Mwambie jirani, juu yeye ndiye ataweka dawa. Panya wako akitoroka akaila, hataonekana mgonjwa siku hiyo; dawa nyingi za panya zinazuia damu kuganda na kuua polepole. Jirani akijua, anaweza kukushtua kwanza. Mathe naye mpe muda. Usimlazimishe kushika. Mwache aone panya akijiosha uso na mikono yake midogo, hiyo inabonga kukushinda.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata soo, fanya haya: pata veti mwenye amekubali, pima kona yako, bonga na landi, tafuta mtu wa kuwalisha ukienda ushago. Vyote vikikubali, chukua madem wawili ama machali wawili, ukae nao mwaka mzima. Mambo ya dume na jike uyafikirie baada ya hapo, ukiwa na majina ya watu wanaongoja watoi. Kama hata moja ya haya haiwezekani sahi, wacha panya kwanza. Hiyo nayo ni kumpenda.